Usione vyaelea, vimeundwa: tovuti iandikwe kwa mkono au ichorwe?

Leo ningependa tulijadili jambo linalowatatiza wazazi wengi wenye vijana waliomaliza kidato cha nne, pamoja na wale akina mama na akina baba ambao wameanzisha biashara ndogo ndogo na wanataka zijulikane mbali. Jambo lenyewe ni hili: mtu atakaye kujifunza kutengeneza tovuti, au kutengenezewa, afuate njia ipi? Je, aandike kurasa zake kwa mkono, alama baada ya alama, au atumie zile programu ambazo humwezesha kuuchora ukurasa kwa kusogeza picha na maneno kama mtu anayepanga viti sebuleni?

Yamkini utasema kuwa hilo ni swali la mafundi wa kompyuta, nawe halikuhusu ndewe wala sikio. La hasha! Linakuhusu ikiwa umeuza mbuzi wawili ili binti yako alipe karo ya chuo cha kompyuta. Linakuhusu ikiwa duka lako la vitambaa linategemea ukurasa mmoja ambao hujui ni nani aliye na ufunguo wake. Na linakuhusu ikiwa kila ufunguapo tovuti fulani kwenye simu bando lako hupukutika kama majani ya kiangazi.

Kwenye suala hili kuna kambi mbili, nazo zimekuwa zikitupiana maneno tangu miaka ya tisini. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba fundi wa kweli ni yule anayeandika kila alama kwa mkono wake, na kwamba atumiaye programu za kuchorea ni mwanagenzi tu. Kambi ya pili huuliza kwa kejeli: mbona uchimbe kisima kwa kijiko ilhali tingatinga liko? Tuzisikilize kambi zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

UKURASA NI KITU GANI?

Kwanza tuelewane. Ukurasa wa tovuti, hata uwe na madoido namna gani, kwa ndani ni maandishi matupu. Maandishi hayo yametiwa alama za lugha iitwayo HTML. Kila alama huwekwa kati ya vibano viwili vyenye pembe, na kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba hapa pana kichwa, hapa pana aya, hapa pana orodha na hapa pana picha. Programu ya kusomea, yaani brauza, huzisoma alama hizo kisha ikakuonyesha ukurasa uliopangika.

Kwa hivyo, mtu anayeandika kwa mkono huhitaji programu ya kuandikia maandishi ya kawaida tu, mathalani Notepad, ambayo huja na kompyuta za Windows bila malipo ya ziada. Naye anayechora hufungua programu inayomwonyesha ukurasa kama utakavyoonekana. Akiandika neno na kulikoleza wino, programu inaandika alama zinazohitajika nyuma ya pazia. Yeye hazioni, na mara nyingi hataki kuziona.

Wengi hudhani kwamba kuandika kwa mkono ndiko kulikotangulia na kwamba kuchora kulikuja baadaye kwa ajili ya wavivu. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyevumbua mfumo huu alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, Uswisi, aliunda brauza ya kwanza mwaka wa 1990. Brauza hiyo ilisoma kurasa na pia kuziandika. Mtu aliweza kuufungua ukurasa, akaubadilisha papo hapo na kuuhifadhi, bila kuandika alama hata moja kwa mkono. Nia ya mzee huyo ilikuwa kila msomaji awe mwandishi pia.

Basi ilikuwaje tukaishia kwenye Notepad? Programu hiyo ya kwanza ilifanya kazi kwenye kompyuta za aina ya NeXT pekee, nazo zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Watu wengine walipounda brauza za kompyuta za kawaida, waliona ni rahisi zaidi kuunda za kusoma tu. Mosaic, brauza iliyotoka mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani na kuufanya mfumo huu upendwe na umma, ilikuwa ya kusoma. Aliyetaka kuandika ilimbidi ajifunze alama.

Hata hivyo, katika shida hiyo kulikuwa na neema. Brauza zilimruhusu msomaji kufunua ukurasa wowote na kuona jinsi ulivyoandikwa. Kijana aliyependezwa na ukurasa fulani aliweza kuufunua, akazitazama alama zake, akajaribu kuzitumia kwake. Shule haikuwa na mlango wala bawabu. Mafundi wengi wa enzi hiyo walijifunza hivyo.

PROGRAMU ZA KUCHORA ZAINGIA SOKONI

Biashara ilipochangamka, programu za kuchorea zilifuatana kama siafu. Adobe ilileta PageMill mwaka wa 1995. Mwezi wa Januari 1996, Microsoft iliinunua kampuni changa ya Vermeer iliyokuwa imeunda FrontPage. Mwaka uo huo Netscape nayo ikatoa brauza yenye sehemu ya kuandikia kurasa. Kisha Desemba 1997 kampuni ya Macromedia ikaleta Dreamweaver.

Mgala muue na haki yake mpe. Programu hizi ziliwafungulia mlango watu ambao kamwe hawangejifunza alama: walimu, makarani, wachungaji, wenye maduka na wanafunzi. Mwalimu mwenye vipindi 30 kwa juma, ambaye alitaka tu kuwatangazia wazazi siku ya kufunga shule, hakuwa na sababu ya kukesha na vibano. Aidha, kulikuwa na kazi ambazo mkono wa mtu huchoka kuzifanya. Tuseme tovuti ina kurasa 50, na kila ukurasa una orodha ile ile ya viungo juu yake. Ukitaka kuongeza kiungo kimoja kwa mkono, itakubidi ufungue kurasa zote 50. Dreamweaver iliweza kuzibadilisha zote kwa mpigo kutokana na kielelezo kimoja. Huko si uvivu. Ni kutumia akili.

Lakini kila chenye uzuri hakikosi ila, na ila hizo ndizo zinazofaa kumfikirisha mzazi anayelipa karo.

UKIONACHO, NANI MWINGINE ANAKIONA?

Ahadi ya programu za kuchorea ilikuwa kwamba unachokiona ndicho utakachokipata. Ahadi hiyo hutimia kwenye karatasi. Ukipanga barua kwenye kompyuta kisha ukaichapisha, anayeipokea ataiona kama ulivyoipanga, kwa kuwa karatasi yako na yake ni ile ile.

Ukurasa wa tovuti haukai kwenye karatasi. Hukaa kwenye dirisha ambalo upana wake aujuaye ni msomaji, si mwandishi. Katika miaka ya tisini, mmoja alikuwa na skrini ya nukta 640 kwa upana, mwingine 800, mwingine 1,024. Leo mmoja anatumia televisheni ukutani na mwingine simu inayotoshea kiganjani. Basi anayesema "ninachokiona" yafaa aulizwe: umekiona kwenye skrini ya nani?

Isitoshe, HTML haikuundwa kwa ajili ya kupanga mapambo. Iliundwa kueleza kila kipande cha maandishi ni nini. Wachoraji walipotaka safu mbili au tatu kama za gazeti, hawakuwa na alama ya kufanyia hivyo. Wakagundua ujanja. Waliyachukua majedwali, yaliyokusudiwa takwimu, wakayageuza kuwa fremu za kupangia ukurasa mzima: jedwali ndani ya jedwali, ndani ya jedwali jingine. Penye pengo waliweka picha ya nukta moja isiyo na rangi, wakaivuta hadi pengo likaenea. Mchoraji Mmarekani David Siegel aliueneza ujanja huu katika kitabu chake cha 1996 kilichouzwa kwa wingi. Mwaka uliofuata, Siegel mwenyewe alijitokeza hadharani na kukiri kuwa mbinu hizo zilikuwa zimeuharibu mfumo mzima.

Programu za kuchorea ziliyapenda majedwali hayo, kwani kwa mtambo ilikuwa rahisi kuugawanya ukurasa vipande vipande na kuvipigilia mahali pake. Hasara ikawaangukia wasomaji. Fikiria mtu asiyeona, ambaye hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Programu hiyo huliendea jedwali chumba kwa chumba. Habari iliyokatwakatwa kwenye vyumba vya majedwali ili ipendeze machoni humfikia ikiwa imevurugika, mwanzo wake huku na mwisho wake kule. Shirika la W3C, ambalo husimamia kanuni za kurasa hizi, lilitoa mwongozo mwezi wa Mei 1999 likionya kuhusu tabia hiyo. Madoido ya mtu mmoja yalikuwa yamegeuka kuwa ukuta kwa mwingine.

UZITO USIOONEKANA

Ila nyingine ni uzito. Chukua maneno mawili: Karibu dukani. Ukiyaandika kwa mkono kama aya ya kawaida, utatumia herufi na alama 20 pekee, nafasi iliyo kati ya maneno ikiwemo. Lakini programu ya Word ya 2000, ilipotakiwa kuugeuza waraka kuwa ukurasa wa tovuti, ilirundika maelezo ya lugha, ukubwa wa herufi na mambo yake yenyewe ya ndani, hata sentensi fupi kama hiyo ikaweza kupita herufi 100. Msomaji hakuziona, ila alizingoja.

Naam, alizingoja kweli kweli. Modemu ya kawaida ya katikati ya miaka ya tisini ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde, yaani takriban baiti 3,600. Ukurasa wa baiti 72,000 ulichukua sekunde 20 simu ikiwa safi, na simu zenyewe hazikuwa safi. Siku hizi nyaya na minara imeongeza kasi, lakini kurasa nazo zimenenepa, na yule anayenunua bando la shilingi chache analipia kila baiti ya unene huo. Kwa hivyo mama wa duka anayejengewa tovuti nzito huwafukuza wanunuzi wake bila kujua, tena wale wale wenye kipato cha chini ambao alitaka wamfikie.

MAJEDWALI YAPATA MRITHI

Dawa ya ugonjwa wa majedwali ilikuwa imependekezwa mapema. Mwezi wa Oktoba 1994, raia wa Norway aitwaye Håkon Wium Lie alitoa wazo kwamba maandishi na mapambo vitenganishwe. HTML iseme hiki ni kichwa na hii ni aya, kisha waraka wa pembeni useme vichwa vyote viwe vya kijani na aya zote ziwe na pambizo pana. Lugha hiyo ya mapambo ndiyo CSS, nayo ilipitishwa rasmi na W3C Desemba 1996. Ubaya ni kwamba brauza za wakati huo ziliitekeleza nusunusu, kila moja kwa namna yake, na mafundi wakarudi kwenye majedwali kwa miaka mingine kadhaa.

Mwezi wa Mei 2003, Mkanada Dave Shea alionyesha kwa vitendo faida ya kutenganisha. Aliweka ukurasa mmoja wa HTML, akawaalika wachoraji waupambe kwa kubadilisha waraka wa CSS peke yake. Ukurasa ule ule, maneno yale yale, ulionekana mara kama bustani, mara kama bango la sinema. Fikiria mwanasesere mmoja mwenye kabati zima la nguo, nawe utaelewa.

Simu zenye skrini kubwa zilipoenea baada ya 2007, somo hili liliwaokoa waliolizingatia. Tovuti zilizopigiliwa kwa majedwali ya upana usiobadilika zilionekana kwenye simu kama gazeti zima lililokunjwa likatiwa kwenye kiberiti. Mwaka wa 2010, Ethan Marcotte wa Marekani alieleza namna ya kuandika CSS ili ukurasa ujipange wenyewe kulingana na upana wa skrini. Hatimaye, mwezi wa Machi 2017, brauza kubwa zilianza kuukubali mfumo wa CSS ujulikanao kama Grid, uliobuniwa mahsusi kwa kupanga safu na mistari. Kile ambacho wachoraji walikitafuta kwa wizi miaka zaidi ya 20 kikapatikana kwa njia ya halali, tena kwa mistari michache tu.

Jambo la kustaajabisha, msomaji, ni kwamba ukurasa wa kwanza kabisa wa CERN ungali unasomeka. Mwaka wa 2013 kituo hicho kiliurudisha kwenye anwani yake ya awali. Ukiufungua leo kwenye simu, maneno yake hujipanga bila shida, kwa sababu aliyeuandika hakuamuru upana wowote. Alisema tu hiki ni kichwa na hiki ni kiungo, akaiachia kompyuta mengine.

MWENYE NYUMBA AKIFUNGA LANGO

Sasa tufikie lile linaloniuma zaidi. Mwenye kutegemea chombo asichokielewa hufa nacho. FrontPage ilikuwa na vikorombwezo vya kupendeza, mathalani fomu za kujaza na vihesabu vya wageni, ambavyo vilihitaji programu maalum katika kompyuta iliyohifadhi tovuti. Toleo la mwisho la FrontPage likawa la 2003, na mwaka wa 2006 Microsoft ikaacha kuishughulikia. Wahifadhi wa tovuti walipoziondoa zile programu maalum, fomu zilinyamaza. Aliyejua alama alikaa chini akaandika fomu nyingine. Aliyejua kubonyeza tu alibaki akibonyeza.

Kuna na lile la GeoCities. Huduma hii ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1994, iliwapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao, na baadaye kifaa cha kuzichorea. Mamilioni ya watu walijenga humo: picha za harusi, kumbukumbu za wazazi waliofariki, mapishi, historia za vijiji. Kampuni ya Yahoo iliinunua mwaka wa 1999 kwa mabilioni ya dola. Mwezi wa Oktoba 2009 iliifunga nchini Marekani, kurasa zikatoweka. Watu wa kujitolea waliokoa kiasi walichoweza kabla ya lango kufungwa, lakini wenye kurasa wengi hawakuwa na nakala nyumbani, na wengine hawakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kunakili.

Huduma za leo za kuchora tovuti ndani ya brauza zina urahisi ambao mwaka wa 1996 haukuota mtu. Hata hivyo baadhi yake hazikuruhusu kuichukua tovuti yako nzima na kuhamia kwingine. Ukikosa kulipa ada ya mwezi, au kampuni ikibadilisha masharti, utaondoka na maneno na picha tu, tena ikiwa ulizihifadhi. Hiyo ni nyumba ya kupanga, ndugu yangu. Si vibaya kupanga, lakini mpangaji mwerevu hajengi kaburi la babake kwenye ua wa mwenye nyumba.

BASI MTU AFANYEJE?

Nikiulizwa, nitasema kwamba ugomvi wa kambi hizi mbili umekosa shabaha. Cherehani si adui wa fundi nguo. Adui wake ni kutojua kupima na kukata. Aliyejifunza kukata kitambaa akipewa cherehani ya umeme atashona haraka zaidi. Asiyejua kukata, cherehani hiyo hiyo itamharibia vitambaa haraka zaidi. Haidhuru Dreamweaver ilipendwa na mafundi: ilionyesha picha upande mmoja na alama upande wa pili, na alama ulizoziandika kwa mkono haikuzivuruga ovyo.

Kwa mzazi anayetafuta chuo, usivutwe na rangi za tangazo. Mwulize mwalimu maswali matatu. Kwanza, mtoto wangu akimaliza ataweza kuandika ukurasa wenye kichwa, orodha, picha na jedwali akiwa na Notepad peke yake? Pili, ataweza kuyabadilisha mapambo ya tovuti nzima kwa kugusa waraka mmoja wa CSS? Tatu, ataondoka na tovuti yake mwenyewe, ambayo anaweza kuitia kwenye flashi na kuiweka kokote? Mwalimu akibabaika, au akikujibu kwa kukutajia jina la programu tu, rudi nyumbani na karo yako. Jina la programu huzeeka. FrontPage ilifundishwa vyuoni na watu wakapewa vyeti. Leo cheti hicho ni cha kufungia njugu.

Kwa mwenye biashara, wewe huna haja ya kujifunza alama. Tumia programu ya kuchorea, au mwajiri kijana, mradi tu uyatimize haya. Hakikisha jina la tovuti limeandikishwa kwa jina lako, si la kijana. Dai nakala ya maneno na picha zote, uziweke nyumbani. Ifungue tovuti kwenye simu ya bei nafuu iliyopo mtaani, wala si kwenye kompyuta kubwa ya ofisi ya fundi, uone inachukua muda gani. Na hakikisha bei ya sukari ikipanda unaweza kuibadilisha mwenyewe bila kumbembeleza mtu.

Kwa kijana, usingoje karo. Kaa kwenye kompyuta yoyote, hata isiyo na intaneti. Fungua Notepad, andika kichwa, aya mbili na orodha ya nduguzo, kila kimoja kati ya alama zake. Uhifadhi waraka huo kwa jina linaloishia na nukta na herufi html, kisha uufungue kwa brauza. Utauona ukurasa wako. Sahau kufunga alama moja makusudi, utazame kinachoharibika. Baada ya siku kumi za mchezo huo, ifungue programu ya kuchorea. Utaielewa, na itakapokosea utajua pa kushika.

Nao walio na mazoea ya kujigamba kwamba wao huandika kwa mkono, wapunguze majivuno. Mkono unaweza kuandika ukurasa mbovu kama mtambo. Wako waliopanga majedwali ndani ya majedwali kwa mkono, tena kwa fahari. Msomaji asiyeona hakupata nafuu kwa kuwa usumbufu wake uliandikwa na binadamu.

AKILI BANDIA NAYO?

Bila shaka kuna atakayeniambia kwamba haya yamepitwa na wakati. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, mtu anaweza kuiambia kompyuta kwa maneno ya kawaida, "Nitengenezee ukurasa wa saluni," nayo ikamwandikia alama zote. Basi ya nini kujifunza?

Swali ni lile lile katika kanzu mpya. FrontPage iliandika alama ambazo mwenyewe hakuzisoma, na akili bandia pia inaandika alama ambazo wengi hawazisomi. Ikikosea, ni nani atakayejua? Ukurasa ukiwa mzito, ni nani atakayeupunguza? Picha zikikosa maelezo ya kumsaidia asiyeona, ni nani atakayegundua kwamba hayapo? Ni yule aliyekaa na Notepad siku kumi. Kadiri mitambo inavyozidi kuandika, ndivyo thamani ya mtu anayejua kusoma ilichokiandika inavyozidi kupanda.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chombo kikielea baharini na tanga limejaa upepo, abiria huona tanga. Fundi hutazama mbao zilivyoungana na mahali palipotiwa kalafati. Mtoto wako hahitaji kuchonga kila ubao wa kila chombo maishani mwake, lakini siku maji yatakapoanza kuingia, awe ni mmoja wa wale wanaojua tundu liko wapi.

Nikutakie Jumapili njema, wewe na jamaa yako. Tukutane juma lijalo, Mola akitujalia.